Siku Tribinali Ilipovuka Ziwa

Mwanangu, nilikuwa nimefika pahali ambapo hakuna kitu kingeweza kunishangaza tena. Nilivuka ziwa hili la Mweru kutoka Kongo na mufuko wa chumvi begani, masomo yangu yaliishia mwaka wa ine wa primeri, na leo pita bandari ya Nchelenge, hapa Zambia, uulize Patro ni nani. Watakuonyesha mato mawili ya kuvukia ziwa, yenye moteri, duka la mabati mapya, na nyumba ambayo simenti yake niliibeba mwenyewe kwa kichwa. Nimeona mamba akitoka mu wavu amechoka kuliko muvuvi. Nimeona bei ya samaki ikipanda asubuhi na kushuka kabla sijamaliza chai. Nikasema: basi, nimeona vyote.

Halafu asubuhi moja nikaona tribinali, tribinali nzima, jaji na karani na karatasi zao, imesimama pembeni ya maji inatafuta bwato. Hata leo nikikumbuka ile siku, moyo unaruka. Keti vizuri na barua hii, simu hiyo weka chini, nikuelezee.

Kwanza ujue habari ya muchanga. Kule kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani Mweru, wanawake wanaanika chisense, vile visamaki vidogo kama ukucha, juu ya muchanga pembeni ya maji. Ule muchanga hauna hati, hauna fensi. Mwanamuke anafagia kipande, anaanika, jioni anaokota, kesho anafagia tena. Akifagia mwaka na mwaka, ni pake. Mama Kabedi, mudogo wa mama yangu, yule aliyenilea, alifagia pake tangu miye ningali ninabebea watu mizigo. Kila kitu nilicho nacho kilianzia kwenye kile kipande, sawa na sebule moja ndogo hivi.

Basi Mama Kabedi akavuka kwenda Kongo kuzika kaka yake. Matanga yakawa marefu. Kurudi, akakuta miti imesimikwa pale pale pake, kamba imezungushwa. Ba Mulenga, tajiri mumoja wa kisiwani mwenye mato kama miye, anataka kujenga stoo ya kununulia samaki.

"Ba Mulenga, hapa ni pangu," mama akamuambia.

"Mama, muchanga haujui jina la mutu. Ulienda, na pako pakaenda."

Alinipigia simu usiku ule. Hakulia. Aliniambia tu, "Patro, chisense nitaanika wapi?" Mwanangu, miye naweza kubishana na askari, na mawimbi, na muke wangu, lakini lile swali lilinikata. Asipoanika anakuwa mutu wa kulishwa, na Mama Kabedi hajalishwa na mutu tangu alipotoka kwa mama yake.

Mukubwa wa kijiji alikuwa shemeji ya Mulenga, akasema yeye anajitoa, hawezi kukata ile kesi. Kwa hiyo tukaja tribinali ya hapa Nchelenge, ile ndogo ambapo mutu anasimama mwenyewe na kusema kwa kinywa chake. Mama akalipa franga, pesa ya kufungua kesi, kutoka kwenye kitambaa chake kiunoni. Nikatoa yangu, akanipiga mukono. Miye nikapita soko lote nikitangaza: "Kesi hii naimaliza wiki hii! Waulize bei ya tribinali, nitainunua pamoja na viti!" Watu wakacheka, na miye nikazidisha.

Jaji alikuwa mwanamuke, mufupi, miwani mukononi, sauti ya chini. Mama alipoanza kueleza, Kibemba chake, lugha ya hapa, kikikwama kama moteri yenye maji, nikasimama.

"Mama Jaji, acha miye nieleze, huyu mama yangu—"

"Baba, nimekuita?"

"Hapana, lakini miye ndiye—"

"Basi kiti chako kiko hapo nyuma."

Watu wote wakageuka kunitazama nikikaa. Karani akaitwa kutafsiri, na mama akasema maneno yake mwenyewe, polepole, mupaka mwisho. Mulenga naye akasema yake: pale palikuwa patupu, hakuna mutu. Jaji akasikiliza, akaandika, akafunga kitabu. "Mumoja anasema patupu, mumoja anasema pake. Miye sijapaona. Tutaenda kuona."

Kuona! Tribinali kwenda kisiwani! Mwanangu, habari ilikimbia soko kuliko moto. Na miye nikafurahi kuliko wote, sababu kati ya Nchelenge na kisiwa kuna maji, na juu ya maji, miye ndiye nani? Usiku kucha vijana wangu walisugua bwato yangu kubwa. Nikatoa matakia ya viti vya salo nyumbani, muke wangu akinilaani. Nikaweka kiti cha plastiki katikati kama cha enzi, makoti ya kuelea mapya, soda mu ndoo ya maji baridi. Moteri ya nguvu za farasi arobaini! Nikavaa na tai.

Asubuhi bandari imejaa. Jaji akafika, viatu mukononi, akatazama matakia, akatazama ile soda.

"Bwato hii ya nani?"

"Yangu, Mama Jaji! Bure kabisa! Hata tone la esansi ya moteri hamutalipa!"

Kabla hajajibu, Mulenga akapiga makofi nyuma yangu. "Enyi batu, oneni! Jaji anabebwa mugongoni kwa Patro kama mutoto! Ataamua nini tena?"

Bandari ikapasuka kwa kicheko. Nikamuambia, "Unaona wivu, bwato yako inavuja kama kikapu!"

"Basi, Mama Jaji apande yangu!" akasema Mulenga. Sasa walimucheka yeye.

Jaji akaweka viatu chini, akangojea kicheko kiishe. Halafu akasema tribinali haipandi bwato ya mudai wala ya mudaiwa. Akaonyesha kidole bwato ya muzee mumoja mubeba magunia, ndefu, nzee, inanuka samaki wa juzi, moteri yake inakohoa. "Tunapanda ile. Kukodi na esansi, kila upande nusu. Na nyote wawili mutapanda pamoja nami na Mama Kabedi."

Hapo ndipo niliposhangaa, miye ambaye nilisema siwezi tena. Patro, mwenye mato mawili, juu ya gunia la muhogo, na tai shingoni, goti langu likigusa goti la Mulenga! Bwato yangu ikabaki pwani na matakia yake, inatutazama tukienda.

Katikati ya ziwa upepo ukageuka. Unajua Mweru, haiombi ruhusa. Wimbi la kwanza likaingia, la pili likaingia, magunia yakalowa, muzee mwenye bwato akatupa kopo na sufuria miguuni petu.

"Chota, Mukongomani!" Mulenga akanipigia kelele.

"Chota weye, mwizi wa muchanga!"

"Weye ndiye umelowesha mama yako mu kesi!"

Jaji alikuwa amekumbatia mufuko wenye karatasi za kesi ndani ya koti la kuelea. Akampa karani mufuko, akavua miwani, akachukua ndoo. "Humu ndani hakuna mudai, hakuna mudaiwa. Kuna maji. Choteni!" Na akachota yeye mwenyewe, mwanangu, akachota kuliko sisi! Miye na Mulenga tukapokezana sufuria bila kutukanana tena, sababu pumzi haikutosha. Mama Kabedi mbele alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, anacheka katikati ya mistari. Sijawahi kumuona vile.

Tukafika tumelowa kama wavu. Kisiwa chote kiko pwani. Miye nilikuwa nimepanga wazee wa kushuhudia, na Mulenga alikuwa amepanga wake, wamesimama makundi mawili, kila kundi lina maneno yake tayari. Jaji akawapita wote. Hakuuliza mwanaume hata mumoja.

Akaita wanawake. "Kila mumoja achukue fagio lake, asimame pake pa kuanika."

Hivyo tu.

Wakaenda nyumbani, wakarudi na mafagio, wakaanza kupanga mustari kando ya maji. Hakuna aliyesukumana. Hakuna aliyepima. Kila mumoja alitembea moja kwa moja mupaka pake kama mutu anayeingia kwake gizani. Mustari ukajaa, mwanamuke na mwanamuke na mwanamuke, mupaka kwenye ile miti ya Mulenga. Na hapo mustari ukakatika. Upande huu mwanamuke amesimama, upande ule mwanamuke amesimama, katikati nafasi tupu, sawa na sebule moja ndogo. Na unajua yule wa upande wa kulia alikuwa nani? Banachola. Muke wa Mulenga mwenyewe! Fagio mukononi, macho kwenye maji, ameacha nafasi ya jirani yake jinsi ilivyokuwa siku zote.

"Banachola!" Mulenga akaita. "Sogea hapa!"

"Hapa ndipo pangu," akajibu muke wake, bila kugeuka. "Nisogee wapi? Hapo ni pa Mama Kabedi."

Mama akainama chini ya kamba, na fagio lake kuukuu, akaingia kwenye ile nafasi, akasimama. Mustari ukaungana.

Mwanangu, niliruka! Nilipiga mayowe, nikatupa tai hewani! Jaji akanitazama juu ya miwani. "Baba, nimekuita?" Nikakaa juu ya muchanga, kwa furaha tu.

Hukumu aliisoma baadaye Nchelenge, mulango wazi, kila mutu asikie: miti itolewe, mama arudi pake. Mulenga aling'oa miti mwenyewe. Siku hizi akikutana nami ananiita "muchota maji", na miye namuita hivyo hivyo, na tunauziana kamba za wavu.

Lakini kabla ya hukumu, jioni ile ya kurudi, nilikuwa bado nanung'unika juu ya bwato yangu. Nikamuambia mama, "Ungekaa kwenye matakia, ungefika mukavu." Akanitazama vile alivyonitazama nilipokuwa mutoto mwenye mukono ndani ya sufuria.

"Patro, ungenishindia kwa moteri yako, halafu? Kila asubuhi nikifagia, batu bangesema: muone, anafagia muchanga Patro alimununulia. Leo kila mutu ameona pangu. Bwato yako ibakie kule kule."

Nikabeba yale matakia kwa kichwa, nikayarudisha nyumbani.

Ndiyo sababu nakuandikia. Nawasikia weye na wenzako pale dukani, simu mukononi, mukibishana juu ya katiba kubadilishwa, juu ya majaji, juu ya sheria mpya zinazosomwa redioni, na mwisho wake kila siku ni uleule: "Aa, vyote ni vya wenye franga." Miye mwenye franga nakuambia, nilijaribu, na nilikalishwa nyuma. Siyo kila jaji ni kama yule, sitakudanganya, nimesikia na mengine. Lakini hutamujua aliye sawa kama unakaa dukani unalaumu. Wakipita kuuliza watu wanataka sheria gani, enda useme. Ukiitwa kushuhudia, enda, simama pako na fagio lako, hata kama mumeo au ndugu yako anakuita usogee. Mwenye kesi mwache aseme mwenyewe, hata kama maneno yake yanakwama. Na ukiwa na moteri kubwa siku moja, maana utakuwa nayo, damu yangu iko ndani yako, siku ya haki iache pwani.

Mungu akupe ulimi wa kusema kweli na makalio ya kukaa chini unapoambiwa ukae. Akupe majirani wanaoacha nafasi yako hata ukiwa mbali. Na mawimbi yakija, akupe mutu wa kupokezana naye sufuria.

Na kwa kuwa nilitangaza soko lote kwamba nitainunua tribinali pamoja na viti, ujue na bei. Nusu ya kukodi bwato ya yule muzee na esansi yake, hicho tu mama alikubali nimulipie: kwacha mia mbili na themanini na tano.