Jiwe Namba Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilisaga kitu cha makumbusho. Sitanii.

Nilitoka machimboni Rwamgasa na darasa la saba langu, mengine nimejifundisha mwenyewe. Mama Mhifadhi, mkuu wa makumbusho ya zana za kufundishia pale Shinyanga mjini, akanipa brashi. "Futa vumbi. Basi." Zana zenyewe ni vizibo vya soda vya kuhesabia, ramani zilizochorwa kwenye magunia ya sukari. Mama alizikusanya shule kwa shule, pale vitabu vipya vilipofika na za zamani zikaanza kuwashiwa moto jikoni.

Kwenye sanduku la mawe ya jiografia kulikuwa na jeupe moja lenye mishipa ya kutu, namba saba. Kwetu jiwe kama lile huliachi. Unalivunja, unalisaga, unaliosha kwenye karai uone kama lina dhahabu. Mikono ilifanya yenyewe!

"Bebe!" Mama aliniita kwa Kisukuma, wewe! "Umesaga somo la watu?"

"Si jiwe tu, Mama?"

Kwenye rejista, daftari linaloeleza kila kitu kimetoka wapi na kiko wapi, akaandika: limepotea safarini. "Wakubwa wakijua, unarudi shimoni. Nyamaza."

Tangu hapo, aliyemsema vibaya yule mama alikutana na mimi.

Mwaka wa sita, nimeshakuwa mwongoza wageni, akaja mzee mmoja na fimbo.

"Shikamoo, mwalimu," Mama alimwamkia.

"Marahaba. Namba saba yangu iko wapi?"

Kumbe sanduku lake! Kila mwaka watoto wa wachimbaji walimwomba walisage lile jiwe, kila mwaka anakataa: litazameni, lipimeni uzito, andikeni mnachodhani.

"Lilipotea safarini," Mama alisema, macho chini.

"Basi ni mimi," mzee akasema. "Sikufunga sanduku vizuri."

Nikachanganyikiwa. Nikinyamaza, mzee wa watu anaondoka na kosa langu. Nikisema, namuumbua mama yangu wa kazi.

"Nililisaga mimi! Mama alinifichia siri tu!"

Mzee akanikamata shati. Nikajua kibao hiki hapa.

"Lilikuwa nayo, dhahabu?"

Nikafungua mdomo, akauziba kwa kiganja. "Usiseme!" Akakiondoa kiganja. "Hata kidogo?" Kabla sijajibu: "Nyamaza, bwana!"

Akaondoka hajui.

Mama akarekebisha rejista, jina langu likaingia, wakubwa wakaniachisha kazi. Yeye alipewa onyo. Sina kinyongo naye, na mwenye kinyongo naye aje kwangu. Sasa nauza vipuri vya pikipiki Runzewe, mstaafu mwenye ndevu nyeusi. Mkiniuliza kazi ile ilikuwa kutunza nini, hata sijui. Jiwe nililimaliza siku ya kwanza.

Ila yule mzee hunipigia simu.

"Usiniambie," anasema. "Bado unakumbuka?"

"Nakumbuka, mwalimu."

"Haya." Anakata.