Bawaba ya Baiskeli ya Mama Benjamin

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia migomba ya Isingiro, wilayani Kyerwa. Polikarpi Ndyamukama amekaa kwenye kigoda chake, mbele yake baiskeli imepinduliwa juu chini, gurudumu la nyuma limetolewa na kuegemezwa ukutani. Anaushika mkono wa nyuma wa fremu, ule unaobeba gurudumu, anauvuta taratibu kwenda juu. Hauendi.

Anauachia, anafuta mikono kwa kitambaa, anaujaribu tena. Ni siku ya tatu sasa.

Baiskeli zinazobeba mikungu ya ndizi huku Kyerwa na Karagwe fremu zake ni kipande kimoja kisichocheza. Hii ni ya milimani, ina shokapu mbele na nyuma. Mkono wa nyuma umeshikwa na pini nene inayopita ndani ya beringi nne ndogo, nao hupanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Pini ikiganda, shokapu limekuwa pambo tu.

Mwenye baiskeli ni Eugenia Byabato, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye wengi humwita Mama Benjamin. Aliachiwa baiskeli hiyo na mgeni mmoja aliyepita akizunguka nchi kwa baiskeli. Kaya zake ni themanini na nne, zimetawanyika kwenye vilima, na mgongo wake haujakaa sawa tangu alipoteleza na mkungu kichwani miaka sita iliyopita. Baiskeli ngumu akiipanda leo, kesho halali chali wala ubavu.

"Nimeshamwambia mwenyekiti, hii isipopona narudisha mkoba wa dawa," anasema. "Kutembea siwezi tena. Nisidanganye watu."

Ndyamukama anayajua hayo, ndiyo maana hagusi nyundo.

Fundi huyu wa miaka hamsini na nne, Baba Noela kwa majirani, alizaliwa Ihembe, wilaya jirani ya Karagwe, akamaliza darasa la saba, akajifunzia ufundi kwenye baiskeli ya baba yake, tena kwa kuiharibu kwanza. Amefanya kazi hii miaka ishirini na nane. Siku nzuri hupata shilingi elfu kumi na mbili. Mvua za masika zikikaza, hurudi nyumbani na matope tu.

Miaka miwili iliyopita mwalimu mmoja alimletea baiskeli ya aina hiihii, pini imegoma vilevile. Akapiga nyundo. Fremu ilikuwa ya alumini, ikapasuka, na mafundi wa kuchomelea wote aliowafuata walisema hawaiwezi. Mwalimu hakugomba. Alikusanya mabaki yake akaenda.

"Angenitukana ningelala," anasema Ndyamukama. "Alininyamazia. Mpaka leo tukikutana kanisani, mimi ndiye ninayetazama chini."

Basi safari hii alitia mafuta ya kulainisha, akasubiri siku moja. Akatia tena, akasubiri ya pili. Pini ilikaa palepale. Asubuhi hii anakwangua uchafu uliozunguka tundu la pini, mwekundu kama vumbi la barabarani, lakini unavutika kama gundi. Anaunusa. Kisha, mbele ya wateja wawili wanaosubiri kuzibiwa pancha, anauweka kwenye ncha ya ulimi.

Anamgeukia Eugenia, aliyekaa kwenye benchi.

"Hebu niambie kweli, Mama Benjamin. Hii baiskeli inakunywa?"

"Haijanywa, Baba Noela. Ilikwenda ukweni."

Wateja wanacheka, naye Eugenia anajifunika uso kwa kanga kabla ya kueleza. Mwezi uliopita familia ilipeleka rubisi, pombe ya ndizi, kwa wazazi wa binti anayechumbiwa na Benjamin. Dumu la lita ishirini lilifungwa kwenye keria, juu kabisa ya ile bawaba, likazibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa, kama inavyozibwa siku zote, ili pombe changa ipumue. Njia nzima baiskeli ilikuwa ikirukaruka kwenye shokapu lake, na pombe, bado tamu, ikitoka povu na kuteremka ndani ya beringi. Vumbi likamalizia. Eugenia aliifuta kwa juu, aliona aibu kusema.

"Siku tatu nalainisha sukari kwa mafuta," anasema Ndyamukama, akitikisa kichwa. "Sukari dawa yake maji ya moto."

Mkewe analeta birika. Fundi anazungushia kitambaa kwenye bawaba, anamimina kidogo kidogo, anaacha, anamimina tena. Baada ya birika la pili anaingiza spana kwenye kichwa cha pini, anasukuma kwa kiganja kimoja. Pini inageuka. Anaizungusha taratibu mpaka itoke yote.

Kwa beringi pia hagusi nyundo. Anapitisha bolti ndefu, kisahani cha washa upande huu, kipande cha bomba upande ule, anakaza nati mpaka beringi ivutwe itoke yenyewe. Anaziosha kwa maji ya moto, kisha mafuta ya taa, anazianika juani juu ya bati, anazipaka grisi. Moja moja anaizungusha kidoleni karibu na sikio. Tatu zinateleza. Ya nne inakwaruza.

Hafichi. Anamwambia Eugenia kwamba hiyo imeshaliwa na kutu, itambeba wiki kadhaa, na siku itakapoanza kulia asipande tena, ailete. Kisha anarudishia kila kitu kwa njia ileile, anaukandamiza mkono wa nyuma. Unazama, unarudi bila sauti.

Eugenia anaondoka saa saba, mkoba mgongoni. Ndyamukama anaandika kwenye karatasi namba aliyoisoma ubavuni mwa beringi kabla ya kuirudishia, anaikunja mfukoni. Saizi hiyo haipo madukani Kyerwa, wala Kayanga, mji wa Karagwe.

Saa tisa simu inaita. Ni Eugenia, yuko kaya ya mwisho mlimani, kwa mzazi mwenye mtoto wa siku nne. Fundi anauliza jambo moja tu, mgongo.

"Mgongo upo, Baba Noela. Nimesahau hata kuufikiria."

"Basi Jumatatu nakwenda Bukoba," anajibu. "Nitanunua nne zako, na nne nyingine niweke. Yule mwalimu niliyempasulia fremu anaweza siku moja kupata baiskeli nyingine kama hii."