Kuna Mtoto Amelala

Harufu ya saruji mbichi ikinifikia hata leo, viganja vyangu hujikunja vyenyewe. Wengine huwaza nyumba mpya. Mimi hukumbuka likizo moja nikiwa na miaka kumi na mitatu, katika ua wa nyumba za kupanga kule Kondele, jirani yetu Baba Awuor alipotutengenezea vyuma vya kunyanyua. Alikuwa mwashi. Alijaza saruji kwenye mikebe ya rangi, akaiunganisha miwili miwili kwa bomba la maji, kisha akawa anainyunyizia maji kila asubuhi kama mtu mwenye miche ya sukuma wiki. Sisi tulikuwa wasichana wa timu ya kandanda ya mtaa, wembamba wenye maneno mengi, tuliochoka kupigwa kumbo na wasichana wa mashambani, wa Katito na Pap Onditi. Wale walikuwa wamekulia kwenye jembe, na walituangusha bila hata kututazama.

Ua ule ulikuwa na sheria moja. Nyuma ya ukuta wa mabati alilala Awuor mwenyewe, mtoto mchanga, na ukimwamsha mazoezi yameisha. Kwa hiyo kila ulichonyanyua ulikishusha taratibu mpaka kiguse ardhi bila sauti. Siku ya kwanza niliparamia mikebe mikubwa, ikanishinda kushusha, ikaanguka kwa kishindo, na mtoto akalia. Baba Awuor hakunigombeza.

"Nyathina," aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, "kitu huwezi weka chini pole pole, hiyo bado si yako. Rudi kwa ile ndogo."

Nilinuna, lakini nilirudi. Kushusha polepole kulichoma mapaja kuliko kunyanyua kwenyewe, na nilimlaani mtoto wa watu kimoyomoyo. Haba na haba hujaza kibaba. Shule zilipofunguliwa tulikwenda Katito, beki wao mkubwa akanijia kwa bega kama kawaida yake, na aliyekaa chini akashangaa alikuwa yeye.

Ushindi huo ndio uliomleta Meneja, mwenye akademia ya vipaji mjini. Alitugawia jezi zenye jina la akademia mgongoni, akatuingiza kwenye ukumbi wenye vioo na vyuma halisi, akaicheka mikebe yetu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bwana huyo alitutembeza sana. Alitaka uzito uongezwe kila wiki na chuma kitupwe chini kwa kelele, kwa sababu kelele ilipendeza kwenye video za wafadhili. Asiyefuata, alisema, hana nafasi kwenye timu. Nami niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani.

Siku wafadhili na wazazi walipoalikwa kututazama, alianza Wanjiru, rafiki yangu, ambaye mama yake aliuza vitambaa mjini. Alinyanyua kilichomzidi. Mgongo ukamkamata, akapiga magoti, chuma kikaanguka, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Alikuwa analia. Meneja alimsogeza pembeni, akaniita mimi na kuninong'oneza nitabasamu.

Kabla sijasogea, mama yangu, muuza omena, dagaa wa ziwani aliowapima kwa mkebe wa gorogoro, alisimama na kanga yake ya sokoni.

"Bwana, mtoto si omena," alisema. "Huwezi mpima na gorogoro mbele ya wanunuzi."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijutia. Nilipunguza chuma mwenyewe mpaka uzito niliouzoea. Nikanyanyua, nikashusha taratibu, taratibu, huku Meneja akinung'unika nitupe. Kiligusa sakafu, na ukumbini hapakusikika kitu isipokuwa Wanjiru akivuta kamasi. Nikavua jezi ya akademia, nikabaki na fulana yangu, nikaenda kumshika Wanjiru mkono. Nafasi niliipoteza siku hiyo hiyo. Nililia wiki nzima, nisidanganye, lakini sikurudi.

Wanjiru hajakimbia tena sawasawa. Siku hizi akademia zimejaa mjini, na watoto wa miaka minane wananyanyulishwa vyuma mbele ya simu ili mtu fulani apate mfadhili. Wazazi wenzangu huniambia nimepitwa na wakati. Acha nipitwe. Mgongo wangu mzima, magoti yangu mazima, na kila Jumamosi nacheza na wanawake wenzangu, tunaangushana vizuri tu.

Mikebe ile ingali Kondele. Awuor sasa ni msichana mrefu, ndiye anayewafundisha wadogo. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja na jezi mpya na simu, akawataka watoto wanyanyue ile mikubwa na kuitupa, isikike. Nilikuwa nimekuja kutembea, na binti yangu mchanga nilikuwa nimemlaza kule kule nyuma ya mabati. Niliinuka kujibu, lakini Awuor alinitangulia. Aliweka kidole mdomoni.

"Pole pole, bro," alimwambia. "Kuna mtoto amelala."