Mipapai ya Muthoki Iliyolewa Maji

Sokoni Kanyangi, watu wakisikia Muthoki amenunua kitu, huuliza kwanza ni nani amebaki akilia. Muthoki, ambaye majirani humwita Mama Kimeu, ni mchuuzi wa ndengu, na kila alichonacho amekipata kwa kubishania bei hadi muuzaji akachoka kusimama. Basi siku aliyonunua kishamba cha bondeni, na muuzaji akakubali bei ya kwanza bila hata kukohoa, Muthoki alirudi nyumbani akijipongeza. Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Hayo ni maneno yake mwenyewe, ya baadaye.

Udongo wa pale ni mweusi, wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kifaranga, mvua ikinyesha unakuvua kiatu. Yeye aliona rangi tu, akasema mweusi ndio wenye rutuba. Akapanda mipapai. Na kwa kuwa alilelewa huku ambako tone la maji halipotezwi, alichimba mashimo marefu, kila mche akauketisha chini kabisa kama mtoto ndani ya beseni. Halafu upande wa chini wa shamba akainua tuta, maji yasipate pa kutokea. Faida yake yote ya msimu ilikuwa imezikwa mle.

Mvua ya Novemba ikaja na hasira zake. Mashimo yakafurika, na Muthoki akalala usingizi mtamu, maji ya bure yote yale!

Jua liliporudi, majani ya mipapai yakawa manjano, yakalegea. Kwa Muthoki, jani la manjano lilikuwa na maana moja tu: kiu. Na juu, udongo ulikuwa umeshakauka. Akamtwika punda mitungi, akaenda mtoni, akainywesha. Ikazidi kulegea. Akaongeza safari.

Mutindi, mwenye shamba la chini, alimkuta akimimina.

"Mama Kimeu, unaosha nini hapo?"

"Nanywesha. Huoni ina kiu?"

Mutindi akashika mpapai mmoja, akauvuta kidogo tu. Ukang'oka kama jino la mtoto, mizizi imeoza, inanuka kama sufuria ya maharagwe iliyosahauliwa.

"Kiu gani hii? Umeizamisha!"

Moyo wa Muthoki ulianguka, lakini mdomo ulibaki kazini. Ili iliyosalia ipone, ilibidi atoboe tuta, na maji yangeteremkia kwa Mutindi, ambaye ana silanga, bwawa dogo la kunyweshea mbuzi. Mtu mwingine angeomba ruhusa. Yeye akaanza kuuza.

"Haya ni maji mazuri, yana samadi ndani. Nikikufungulia utanipa nini? Hata mbuzi mdogo."

Mutindi alicheka hadi akashika magoti. "Kaa nayo. Mimi sina haraka. Mwenye haraka ni mipapai yako."

"Basi kuku."

"Yakiingia kwenye kunde zangu, kuku atatoka kwako."

"Haya, chukua bure!"

"Bure siyataki. Chimba mtaro kwa mkono wako mpaka kwenye silanga, upite kando ya kunde. Na udongo utakaotoka uupange vizuri ukingoni."

Katika miaka yake yote ya soko, Muthoki hakuwahi kuteremka kutoka mbuzi hadi kibarua upesi hivyo. Akachimba. Udongo ule unang'ang'ania jembe hata ukiupiga teke. Alipotoboa tuta, maji yakampita yakienda kwa Mutindi, naye akayatazama kama mteja anayeondoka na gunia bila kulipa.

Mipapai ya upande wa juu ilipona. Ya upande wa chini aliing'oa yote, na safari hii hakuchimba shimo. Alirundika udongo uliochanganywa na mchanga na samadi, akapanda juu ya vichuguu hivyo virefu, safu kwa safu. Jumapili watu wakitoka kanisani hupunguza sauti wakipita, wakidhani ni makaburi. Mama mmoja mgeni alimwuliza kwa upole ni nani aliyefiwa.

"Ni mimi," Muthoki akajibu. "Na mchango napokea."