Maharagwe ya Kila Rangi

Neema mjukuu wangu, naikumbuka vizuri asubuhi moja ya kupanda, huko Walungu, nilipokuwa mke mpya na mjuzi wa kila kitu. Mama mkwe wangu alimwaga mbegu za maharagwe juu ya mkeka: mekundu, meusi, ya manjano, yenye madoa, makubwa kwa madogo, yote yamechanganyika, kama wanawake wa kule walivyozoea kuyapanda. Mimi mtoto wa mjini, wa Muhumba, niliyesomeshwa na masista, nikaona huo ni uvivu wa kuchambua.

Msimu uliotangulia, ya manjano ndiyo yaliyopata bei sokoni. Basi nikakaa nikaanza kuyachagua. Mama mkwe alinitazama bila hasira.

"Mutoto wangu, bei ya jana tunaijua," akasema. "Mvua yenye inakuja, nani anaijua? Lakini panda yako upande ule. Mimi nitapanda yangu vile iko."

Nikapanda ya manjano matupu, na sikuyapa nafasi ya kupumua. Kila asubuhi nilikuwa shambani, nafukua hapa, nahamisha pale. Yeye alipalilia wakati wa kupalilia, akaenda zake misani.

Mwaka ule mvua ilizidi. Yangu yakaoza yote. Kwake pia mengine yalikufa, nisikudanganye, na nilimsikia akiguna. Lakini meusi yalivumilia, yenye madoa yakatambaa juu ya vijiti, tukapata cha kula. Nilikuwa na mimba. Nilingoja anicheke, naye akanijazia kikapu na kusema, "Kula, mama, muko wawili."

Ndiyo maana nilicheka peke yangu Jumapili ile uliyokuja hapa Nyalukemba na simu yako mkononi. Ulinieleza kwamba wewe na wenzako wa ofisini mnaweka akiba katika mfuko unaonunua kipande kidogo cha kila kampuni, kisha mnauacha miaka na miaka. Nilijisemea, huo si mkeka wa mama mkwe? Ila uso wako ulikuwa umekunjamana.

"Koko, mufuko imeshuka," ulisema, "na kuzeni yangu amepata sana kwa kampuni moja tu. Niko nafikiri nitoshe yote mule ndani, niweke kule."

Nilikuomba ungoje jibu langu. Jibu ndilo hili: usichambue, mwanangu. Mambo ya kampuni siyajui, lakini yule msichana wa maharagwe ya manjano namjua sana. Pesa ya chakula na ya shule ya watoto isiingie humo, maana msimu mbaya upo na utarudi. Hiyo nyingine iache imee, wala usiifukue kwa simu kila asubuhi. Huyo binamu yako mpongeze kwa moyo mweupe, kisha urudi kwenye kazi yako.

Mungu akupe mvua ya kadiri, na ikizidi akupe utulivu. Siku utakapovuna, mjazie kikapu aliyekosea, wala usimwulize kitu. Mimi hadi leo namshukuru yule mama kila ninapoinjika chungu, kwa sababu aliyekuwa tumboni mwangu mwaka ule ni baba yako, na alilishwa na yale maharagwe niliyokataa kuyapanda.