Bawaba Mbili za Malori ya Umeme

Edvina Rutaihwa ameuza spea za malori Kashai, mjini Bukoba, kwa miaka ishirini na mitatu, na hajawahi kumheshimu mtu kwa sababu ya viatu vyake. Ishengoma, wakala wa malori ya umeme kutoka Dar es Salaam, alipoingia dukani na viatu vinavyong'aa, Edvina alimwacha asimame hadi amalize na mteja aliyetaka bushi za lori la Fuso.

Ishengoma alikuwa ameleta malori mawili ya majaribio, yabebe kahawa kutoka Kimwani, wilayani Muleba, hadi Bukoba. Alitaka wauza spea waje kwenye mkutano wake, waambiwe kwamba enzi ya dizeli imekwisha.

"Haya si magari ya maonyesho, Mama," alisema. "Tayari yanatengenezwa kwa wingi."

"Wingi wa mangapi?"

"Wingi mkubwa tu."

Edvina alimtazama anavyotazama fenibelti ya bandia. "Ndizi moja ukiihesabu mara mia haijawa mkungu," alisema, akamgeukia mteja mwingine.

Mkutanoni hakwenda. Wiki ya tatu Ta Karugendo, yaani Mzee Karugendo kwa Kihaya, dereva wa lori mojawapo, mtu mpole wa Nshambya, alirudi kinyumenyume huko Kimwani huku mlango ukiwa wazi. Ukagonga mparachichi, bawaba ya juu ikakatika. Akafika Bukoba mlango umefungwa kwa kamba. Ishengoma akapiga simu Dar, Dar wakauliza kiwandani ng'ambo, kiwanda kikajibu: bawaba mpya itachukua wiki kumi na moja.

"Si tatizo," Ishengoma aliwaambia watu uani kwa Edvina, ambako malori yote mawili yalikuwa yameletwa. "Tutachukua bawaba ya lori la pili kwa muda. Ni mapacha haya."

Joackim, fundi wa Edvina, alifungua bawaba ya lori la pili, akaipeleka kwenye lile bovu. Ikagoma. Matundu ya bolti yalipishana karibu upana wa kidole. Edvina akasogea, akakwaruza rangi kando ya matundu kwa ukucha, akaona palipowahi kuzibwa kwa kulehemu.

"Njoo uone, mwanangu," alimwambia Ishengoma. "Hapa mtu alikosea, akaziba, akatoboa tena kwa mkono. Mimi nikiuza bawaba ya Fuso, simuulizi mteja lori lake lilizaliwa lini. Inaingia tu. Hapo ndipo ninaposadiki kwamba kitu kinatengenezwa kwa wingi. Haya yako yameshonwa moja moja kama magauni ya harusi."

"Tuna oda za maelfu," Ishengoma alisema.

"Oda si magari. Mbinguni tumealikwa sote. Wangapi wamefika?"

Madereva waliokuwa wamejikusanya wakacheka. Ishengoma akakunja uso. "Wewe unaogopa biashara yako itakufa."

Kicheko kikakatika, maana hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua.

"Naogopa," Edvina alikubali. "Ndiyo maana nimeliangalia vizuri kuliko wewe unayeliuza."

Joackim alichonga bawaba kutoka kwenye chuma cha springi kuukuu, na lori likafanya kazi mwezi mmoja zaidi. Majaribio yalipokwisha, yote mawili yalipakiwa juu ya trela na kuvutwa kwenda Dar na kichwa cha lori la dizeli kilichotoa moshi mweusi mtaa mzima. Ishengoma hakuja kuaga.

Karugendo alirudi kwenye Fuso lake. Siku moja, akinunua chujio la mafuta, alimwambia Edvina kwamba vilima vya Muleba lile lori la umeme lilivipanda na magunia bila kupiga kelele, hata alikuwa anasikia watu wakimsalimia kutoka migombani.

"Mimi nilikataa mwendo wake, Ta Karugendo? Nilikataa maneno ya yule kijana."

"Yatarudi, waitu?" Karugendo aliuliza kwa heshima.

"Yatarudi. Siku nitakapouza bawaba yake bila kuuliza swali, nitakuwa wa kwanza kunyamaza."

Karugendo akapanda, akawasha injini. Alisema jambo jingine dirishani, lakini kwa ngurumo ile Edvina hakulisikia.