Kiingereza cha Kufungua Dirisha

Enzi zetu, jamani, Kiingereza kilikuwa kazi ya mikono na miguu. Siku hizi watoto wanakiokota kwenye katuni, wamejilaza kochini, soksi mguu mmoja. Sisi pale sekondari ya bweni Kasulu tulikisoma kwa kutembea. Mwalimu anakuita mbele, unakwenda dirishani huku unatangaza, kwa Kiingereza, kwamba unakwenda dirishani. Unalifungua, unatangaza kwamba unalifungua. Darasa zima linaitikia kwamba huyoo, analifungua. Dirisha lenyewe halikuwa na kioo wala kitasa, lakini nani angethubutu kusema?

Na si Kiingereza cha hivi hivi. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alipenda maneno marefu, ya kuvaa tai. Kulala aliona ni mambo ya mbuzi. Sisi tulitakiwa kusema tunajipumzisha baada ya shughuli za mchana. Kuomba chumvi kulianza na samahani na kuishia na shukrani, ugali umeshapoa. Shida ilikuwa mambo ya kwetu: kuepua, kupepeta, kubeba mtoto mgongoni. Kitabu hakikuwa nayo. Kitabu kilikuwa na bwana mmoja aliyekunywa chai na kulisha paka wake. Basi likizo, nyumbani Kumsenga, nasimama jikoni natafuta namna ya kusema naepua, hadi maharage yanaungua. Mama ananitazama: "We Anjela, unasemezana na chungu?"

Shuleni, aliyekamatwa akisema Kiha, lugha ya kwetu, au Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Ukikamatwa mara ya tatu ndani ya wiki, unarudishwa nyumbani. Wiki ile nilishakamatwa mara mbili. Jumapili, siku ya wageni, kibao kingali shingoni, Mama akaingia getini na kikapu cha mihogo ya kuchemsha na karanga. Mama ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, Kiingereza ndiyo usiseme.

Tukakaa nyuma ya bwalo. Mwalimu wa zamu anazunguka zunguka. Mama akanishika mkono, akasema kwa Kiha: "Mwana wanje, bibi yako tumemzika Alhamisi."

Bibi aliyenilea! Nilitaka kuuliza aliumwa nini, nani alimfumba macho, kama aliniulizia. Kiha kimenijaa kooni, mwalimu yuko pale karibu. Na Kiingereza changu chote kilikuwa cha kufungua dirisha. Nikabaki namtazama Mama, machozi yananitiririka.

"Mbona husemi?" Kisha akakiona kibao. Nikamweleza kwa ishara: mdomo, mwalimu, njia ya kwetu. Mama si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alikivua shingoni mwangu, akakivaa yeye, akakilaza vizuri juu ya khanga.

"Haya, mwenye kosa ni mimi. Uliza."

Mwalimu akafika. Akamtazama Mama, akakitazama kibao. "Shikamoo, mama," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.

"Marahaba," Mama akajibu, akaanza kukivua ampe na yeye.

Mwalimu akakumbuka ana kazi ofisini. Nami nikauliza yote, kwa Kiha, nalia kwa sauti, na Mama akanijibu yote. Ndiyo, Bibi aliniulizia.

Leo nina nyumba hapa hapa Kasulu, na binti yangu Joi anasoma zile shule za basi la njano. Kiingereza chake sasa! Hatangazi anachofanya, wala hamalizi sentensi. Maneno mawili, mabega juu, na wenzake wanamwelewa. Nikimsimulia tulivyosema kulala, anacheka hadi anakaa chini. Kiha hajui hata salamu. Sikuhangaika, nilijua kitamwingia tu chenyewe, Kiha si hesabu.

Likizo iliyopita Mama alikuja kutusalimu, Kiswahili chake bado kile kile cha salamu. Akakaa kochini na mjukuu wake wanatabasamiana, mmoja anasogeza sahani ya ndizi, mwingine anairudisha. Wiki nzima, tabasamu na ndizi. Alipaswa kukaa mwezi.

Stendi, kabla hajapanda gari la Kibondo, alinivuta pembeni.

"Anjela, mwanao ni mtoto mzuri. Hebu niambie, nani kamkataza kusema na mimi?"

Nikatafuta wa kumsingizia. Hakuwepo.